Vitz yenye mipira ya theluji, itapanda vilima vya Pemba?

Waalaykum salaam kaka. Umeuliza kama mipira ya magurudumu iliyokuja na Vitz yako, ile yenye maandishi STUDLESS ubavuni, itakufaa kwa utelezi wa Pemba masika haya. Haitakufaa. Hiyo ni ya theluji ya Japani: imefanywa laini makusudi isikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Kwa joto letu inalika upesi, na kwenye lami iliyorowa breki inachelewa. Mie ya kwangu niliiacha garini vivyo hivyo kwa ubahili. Ukibonyeza kashata, yale meno ya mpira, kwa kidole gumba inabonyea kama ufutio. Haikuchukua muda, kipara!

Ama gari kuvuta kwa mbele si ubaya, injini imeyakalia magurudumu yanayovuta, yanashika. Tabu ni kilima cha udongo. Gari ikiinua pua, uzito unarudi nyuma, ya mbele yanazunguka bure. Usikanyage mafuta, utajichimbia shimo. Watu wa Wete watakucheka, lakini geuza gari, ukipande kilima kinyumenyume: injini sasa iko chini, inayalemea. Taratibu tu, na awepo mtu wa kukuangalizia mtaro.