Mawese yameganda ndani ya flexitank: usiwashe moto chini ya kontena

Yakhe, umesema mawese yako ya sabuni yashafika bandari ya Malindi hapa Unguja, koki ukifungua hakitoki kitu, na kuna mtu kakushauri uweke majiko ya mkaa chini ya kontena. Usithubutu. Flexitank ni mfuko mkubwa wa plastiki uliolazwa ndani ya kontena, na sakafu ya kontena ni mbao, moto ukishika hapo hamna mafuta wala kontena.

Mie kazi ya kushusha haya mafuta kiwandani naijua. Mawese yanayeyuka baina ya digrii 33 na 39, sasa huku Unguja hata kaskazi joto lenyewe ni 32 hivi, kwa hiyo kuganda ni kawaida yake, usimgombeze wakala. Na kusubiri jua likusaidie ni kazi bure maana jua linapiga bati la juu na koki iko chini, juu yanakuwa uji na chini gumu vilevile.

Kwanza angalia kama muuzaji aliweka zulia la kupashia, lile linalotandikwa chini ya mfuko maji moto yakapita ndani yake, kabla hajajaza. Fungua mlango wa kulia tu, wa kushoto uwache umefungwa kwa sababu tumbo la mfuko limeegemea hapo, tani 20 na ushei hizo. Chini karibu na koki utaona ncha mbili za mpira, moja maji yanaingia moja yanatoka. Ukiziona shukuru Mungu. Zungusha maji ya moto ya digrii 60 hadi 70, mie mvuke siupendi, unababua mafuta yaliyogusana na zulia na rangi inabadilika, halafu sabuni inatoka ya kahawia wateja wanakukimbia.

Tena usiwe na pupa. Mawese hayapitishi joto haraka, kanuni ya wenye mafuta ni digrii 5 kwa siku, isizidi, na ya kushushia ni 50 mpaka 55, kwa hiyo ukianzia 28 hesabu siku tano sita, na hizo uzipange kabla dimareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, haijaanza kukutafuna, sio baada. Koki na mpira wa pampu navyo vifunge magunia uyamwagie maji moto, la sivyo mafuta yatatoka vizuri yagandie njiani. Pampu iwe ya gia. Mfuko ukianza kulala zima maji, kunja kutoka nyuma kuja kwenye koki, kule mwisho ndo yanakobaki mengi.

Kama zulia halimo, sasa hivi huwezi kulipenyeza. Hapo ni kufunika kontena zima turubai na kupuliza hewa moto kwa chini, inachukua siku nyingi na dizeli si mchezo.

Mzigo ujao ulizia oleini, yale mawese mepesi yaliyochujwa, hiyo inashuka kwa 32 mpaka 35 tu, ila sabuni yake laini, itabidi uchanganye.