Bibi alimngoja Frankenstein

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: filamu ya kigeni ibaki na sauti yake, au itiwe sauti kwa lugha ya watazamaji? Swali limenigusa panapouma. Kwangu, kabla ya sauti kuna jina.

Tanga, mwaka 1988. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni, kwa hiyo mwenye deki sebule yake haikosi watu. Mjomba, baharia, alirudi na kanda ya filamu ya Kihispania iliyotiwa sauti ya Kiingereza. Juu ya ganda: Frankenstein's Bloody Terror. Bibi alikwisha kusimuliwa habari za lile jitu lililoungwa kwa viungo vya maiti, akasema lazima alione kabla hajafa. Baada ya isha akaketi mkekani, dele la kahawa ubavuni, Mjomba akitafsiri kwa sauti.

Ikaanza michoro na msimulizi: ukoo wa Frankenstein umepatwa na laana ya mbwamwitu, sasa unaitwa Wolfstein. Maiti ya Wolfstein ikachomolewa msalaba wa fedha, ikafufuka. Bwana mmoja, Waldemar Daninsky, akang'atwa, na mwezi mpevu ukichomoza anaota manyoya na kunguruma. Wakaja hata wanyonya damu. Kila anapotokea mgeni, Bibi anauliza, "Ndiye huyu?" Mjomba anajibu, "Bado, mama." Karibu saa moja na nusu ya "bado, mama". Mkanda ukaisha. "Mbona hakuja?" Mjomba hakuwa na jibu. Kahawa ilikuwa imepoa, Bibi hakuigusa.

Miaka mingi baadaye nikajua. Filamu ile ni La marca del Hombre Lobo, ya 1968. Aliyeiandika na kumcheza Daninsky ni Paul Naschy, jina la kuzaliwa Jacinto Molina, mnyanyua vyuma wa Madrid. Msambazaji wa Marekani alikuwa ameahidi majumba ya sinema filamu ya Frankenstein na hana. Akaichukua hii, akaibadili jina, akaibandika ile michoro. Ndiyo sababu nilishika kalamu niseme kutia sauti kupigwe marufuku.

Lakini kadiri ninavyoandika, mkono unalegea. Daninsky ni Mpolandi kwa sababu wakaguzi wa filamu wa enzi ya Franco, dikteta wa Hispania, hawakukubali mtu-mbwamwitu awe Mhispania. Basi hata hiyo ya asili ilipindishwa kwao, kabla haijavuka bahari. Na usiku ule sauti moja tu haikumdanganya Bibi, ya Mjomba. Daninsky alipofungwa minyororo asije akadhuru watu, Mjomba alimsemesha Kiswahili chetu: "Nifungeni jamani, usiku unaingia." Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kwa Kiingereza asingelia.

Kwa hiyo tieni sauti, nakubali, mradi jina libaki lake na pasiongezwe kisichokuwemo. Kupunguza sijui niseme nini, maana penye mabusu Mjomba alinyamaza kwa heshima ya mama yake, na siwezi kumlaumu.

Bibi hakulitaja tena jina la Frankenstein. Akitaka mkanda ule urudiwe, na aliutaka mara nyingi, alisema, "Niwekeeni ya yule kijana aliyeomba afungwe."