Nilinunua bunduki ya kuwatambia watu, nikaishia kuiogopa

Juzi kati kijana mmoja kaniandikia, "Kaka shikamoo, kibali kimetoka, hela ipo, nataka raifo moja tu ya kuwindia kila kitu, nimeshaamua .300 Winchester Magnum, naomba baraka zako tu." Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kulikoni. Manake ujumbe huo huo, karibu neno kwa neno, mimi nilimtumia mzee mmoja miaka tisa iliyopita, na yule mzee baraka hakunipa, alinijibu neno moja tu, "Utaumia." Nikasema huyu ana wivu.

Sasa mdogo wangu, na nyie wengine mliokaa na hela mfukoni mnapekua majedwali ya risasi usiku wa manane, subirini niwasimulie.

Miezi ya kusubiri kibali naruka, kila aliyeipitia anaijua. Ila ndio miezi iliyoniharibu, kwasababu sikua na bunduki, nilikua na namba tu. Nilikua najua kwa kichwa kwamba .30-06, kaliba (yaani saizi ya risasi) ya kawaida ya kuwindia, inatoa risasi ya greni 180, yaani kama gramu 11.7, kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde, halafu .300 Win Mag, hiyo magnum yenye baruti nyingi zaidi, inaitoa risasi ya uzito huo huo kwa mita 900. Basi nikamaliza kazi. Kubwa ni kubwa bwana, nichukue ndogo ya nini? Na kumbuka hapo sijawahi kupiga hata moja kati ya hizo mbili, niliwahi kupiga .22, ile ndogo kabisa, ya rafiki yangu, makopo, basi.

Nikanunua magnum. Mpya, mbao inang'aa kama meza ya bwana harusi, tena nikachagua nyepesi kabisa kwasababu niliambiwa nyepesi haichoshi porini. Hakuna aliyeniambia, au aliniambia sikusikia, kwamba bunduki ikiwa nyepesi teke lote, ule msukumo wa nyuma ukipiga, linahamia begani kwako. Magnum ile ukiiweka kwenye uzito sawa na bunduki ya .308, kaliba ya wastani, teke lake linazidi mara moja na nusu, sasa mimi nikaipunguza na uzito juu. Skopu, ile darubini ya kulengea, nikaifunga mwenyewe nyumbani, nikaisogeza nyuma ili nione vizuri.

Risasi ya kwanza kwenye shabaha, ukingo wa skopu ulinichana juu ya nyusi la kulia, damu mpaka kwenye kola. Kovu ninalo mpaka leo, limejikunja kama mwezi mwandamo, na mwindaji yeyote mkongwe akiliona anatabasamu kidogo halafu anaangalia pembeni. Pale kulikua na watu wananitazama, kwahiyo nikafuta damu nikapiga nyingine nne. Nikajiona mwanaume.

Zile nne ndizo zilizonifundisha uoga. Mwili una akili yake, ukishaumizwa na kitu mara tano unaanza kujikinga kabla hakijaja, na wewe mwenye mwili huna habari. Nilirudi nyumbani najua nina bunduki kali na bega limevimba, sikujua kwamba kuanzia siku ile nilikua nafumba macho.

Msimu wa kwanza nilipata swala wawili wa karibu sana, mita hamsini, nikawa nimethibitisha. Nikapiga picha nikawatumia watu, hadi yule mzee nikamtumia. Halafu likaja dume la nguruwe pori. Mita tisini, limesimama ubavu, jua liko nyuma yangu, hakuna upepo, yaani kama limepangwa. Nikalenga nyuma ya bega, nikavuta triga, likaguna likaondoka. Mwenzangu akasema umelipiga nyuma, tumboni. Mimi nikabisha, nikasema hapana, hii ni magnum, hata ikigusa wapi linalala.

Halikulala. Tulifuata damu mpaka giza, tone hapa, tone pale, kwenye vichaka ambavyo mtu mwenye akili haingii na nguruwe aliyejeruhiwa akiwa ndani. Tukarudi alfajiri, tukalikuta limekufa kama kilomita mbili kutoka pale, nyama imeshaharibika. Nilikaa chini kwenye majani. Mwenzangu hakusema kitu, alisema tu baadae kwenye gari, "Ulifumba macho, nilikuona." Nikamnunia wiki mbili.

Mwishoni nikamfuata yule mzee mwenyewe, maana nilikua nimebakiwa na yeye. Akanipeleka kwenye shabaha akaniambia mimi ndio nitakua nakukokia, wewe piga tu. Kumbe alikua na risasi za bandia, zile hazina baruti wala fataki, anachanganya na za kweli bila mimi kuona. Ya kwanza ililia, ya pili ililia. Ya tatu, klik. Bunduki haikulia ila mtutu ulizama chini kama umepigwa rungu, bega langu limeruka mbele, na macho, wallahi, yamefumbwa. Watu watatu waliona. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Sasa ushauri wangu unaanzia hapo. Kabla hujauliza kaliba gani, tafuta mtu mwenye bunduki ya kaliba unayoitaka, mahali halali pa kulenga shabaha, upige kwanza. Sio moja, piga kumi, umekaa na umesimama. Halafu mwambie akuchanganyie na za bandia. Mtutu ukizama, hiyo kaliba si yako, sio leo. Usiniambie utazoea. Mimi nilisema nitazoea.

Nikaiuza magnum kwa hasara ambayo sitaitaja humu kwasababu mke wangu anasoma, nikachukua .308 iliyotumika, mbao imekwaruzika, nzito kidogo, karibu kilo nne ikiwa na skopu na risasi ndani. Ilinichukua msimu mzima kuacha kufumba macho. Nilianza upya na .22, kama mtoto wa shule, na kila jioni nyumbani naifungua bunduki, nahakikisha chemba na magazini ni tupu, nakagua tena, naelekeza mahali salama, naweka sarafu juu ya mtutu navuta triga polepole. Sarafu isianguke. Inachosha hatari, ndio maana watu hawafanyi.

Najua sasa hivi kuna mtu anataka kuniuliza kwanini .308 na sio .30-06. Jamani. Risasi zenyewe ni za kipenyo kile kile, milimita 7.8, tofauti ni ganda linalobeba baruti, la .308 lina urefu wa milimita 51 na la .30-06 ni 63, ndio maana hata bolti ya .308, ile komeo ya kukokia, inaweza kuwa fupi kidogo. Ile 06 kwenye jina ni mwaka, 1906, jeshi la Marekani ndio lilipoipokea, na .308 ilikuja 1952, baruti zimeshakua bora, kwahiyo ganda fupi likafanya karibu kazi ile ile. Kama unapenda risasi nzito za greni 200 na kwenda juu, .30-06 ina nafasi zaidi. Kama hupendi, hutaiona tofauti, na swala hataiona kabisa.

Na vijana wa 6.5 Creedmoor msinijie juu, ni kaliba nzuri, ya mwaka 2007, teke dogo, inaenda mbali kwa utulivu. .270 nayo ipo tangu 1925 na bado inaua. 7x57 ya Mauser ni ya miaka ya 1890 na kwa mtu mwenye mwili mdogo au anayeanza, mimi ningempa hiyo nikalala usingizi. Ukiniuliza ya kuwindia swala, nguruwe, na wanyama wa pembe wenye miili mikubwa kidogo, chukua yoyote kati ya hizo ambayo risasi zake unazipata bila kuhangaika, usinunue kaliba ya peke yako halafu msimu unafika unaazima risasi kwa watu ambao hawana.

Kuna wengine wakisikia hivi wanamleta Bell. Kila mara. W.D.M. Bell, yule mwindaji Mskoti wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi aliwaua kwa hiyo hiyo 7x57, kwahiyo wanasema kaliba ndogo inatosha hata kwa tembo. Ndugu yangu, Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande. Alikua anatumia solidi, risasi ngumu isiyofunguka, na alikua anapiga risasi nyingi sana za mazoezi. Wewe umepasua fuvu gani? Nchi nyingi za Afrika leo zimeweka .375 kama kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na hazikuweka ili kukukomoa.

Kwa anayewinda nyati kweli, bunduki yake moja ya kila kitu ni .375 H&H, ya mwaka 1912, inapiga risasi ya greni 300 na bado unaweza kupigia swala bila kumsambaratisha. Lakini kuwa mkweli na nafsi yako. Unawinda nyati, au unaota nyati? Mimi nyati sijawahi, naota kama wewe, na bunduki ya ndoto ndiyo ilinichana nyusi.

Kuhusu risasi yenyewe nitasema kidogo ila ndio kubwa. Watu wanabishana kaliba mpaka wanagombana, halafu dukani wanachukua boksi la bei ya chini. Rafiki yangu mmoja aliingia porini na zile za kijeshi zenye koti zima la shaba, zikapita kwa swala kama sindano kwenye kitambaa, mnyama akakimbia hadi leo. Mnyama wa ngozi laini anataka softi, inayofunguka ikiingia, na uzito wa kati, kwenye .308 mimi natumia greni 165. Ukiipata boksi ambayo bunduki yako inaipenda, maana zinachagua kweli, usibadilishe badilishe. Pia sehemu nyingi sheria inakataza hizo za kijeshi kuwindia, soma kibali chako mpaka nyuma.

Bunduki ikukae. Fumba macho (hapa ruksa), inyanyue mpaka begani, fumbua. Kama jicho halipo katikati ya skopu na inabidi utafute tafute kwa shingo, kitako kirefu au kifupi, usinunue hata kama ina dhahabu. Na skopu ikae mbali na jicho, sentimita 9 hivi kwa nyingi, upana wa vidole vinne na kidogo. Vidole vinne! Ningejua hilo tu nisingekua na kovu.

Mbali? Mimi nina daftari, nimeandika kila mnyama, na aliye mbali kuliko wote alikua mita 210, wengi wako chini ya 120. Bunduki yangu nimeiweka ipige katikati mita 200, kwahiyo mita 100 inapiga juu sentimita 5 au 6, na mita 300 imeshashuka kama robo ya mita. Mita 300 sipigi. Ninyi mnaopiga mita 400 mkasimulia zile zilizopata, zile zilizokosa mnazisimuliaga wapi?

Naona nimeanza kufoka, samahani. Ni kwasababu lile dume silisahau. Lilikua halijakosa kitu, mimi ndio nilikua nataka kuonekana. Mwenzangu bado ananitania, ila wiki iliyopita tulitoka tena, swala dume, mita 130, nikapiga na nikamuona kwenye skopu anaanguka, yaani nilimuona, macho wazi. Yule jamaa alinipiga begani, lile lile bega, hakusema kitu, na mimi sikusema ila moyoni nilikua nimejaa.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, ujumbe mrefu kuliko huu, karibu saa nzima nachapa. Kanijibu jana usiku: "Asante sana kaka, ila nimeshalipia." Magnum. Nyepesi.

Nimemuuliza skopu amefunga nani. Amefunga mwenyewe.