Dawa Zimeisha, na Watu Nao Wameisha

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimemaliza mionzi ya kansa wiki iliyopita. Kila mtu ananipongeza. Mbona mimi nalia?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Huyo ni mimi kabisa, miaka minne iliyopita.

Wakati wa kemo, zile dawa kali za kansa, nyumba yangu haikukosa mtu. Mashemeji, majirani, hata wale tusiosalimiana. Nilipoandika kwenye kundi la familia "nimemaliza," hongera zikamiminika siku nzima, kesho yake kimya. Walidhani safari imefika. Mimi nipo ukingoni mwa kitanda napigana na kifungo cha blauzi, maana kemo iliniachia ganzi vidoleni; bila kukitazama sijui kama nimekishika. Dakika kumi, blauzi moja. Dada yangu akanipigia: "Si umeshapona? Mbona bado unalala mchana?" Nimemsamehe. Yaani, nakaribia.

Basi nisikilize, mdogo wangu. Uchovu wa baada ya matibabu si uvivu. Unaweza kukaa miezi, hata miaka, na usingizi hauumalizi. Ajabu ni kwamba kutembea huupunguza. Nilianza na dakika tano kuzunguka nyumba. Leo ni nusu saa, siku tano kwa wiki, na acha nijisifu. Kama ulitolewa tezi za kwapani na mkono wa upande ule ukavimba au ukawa mzito, usingoje tarehe ya kliniki. Uvimbe huo huweza kuja hata baada ya miaka, na ukiwahiwa hutulizwa.

Na watu? Waombe, tena kwa kutaja jambo lenyewe. "Nikihitaji nitakuambia" haijawahi kumleta mtu. Nilimwambia jirani: "Jumanne nina kipimo, njoo ukae nami kwenye benchi." Akaja. Kusubiri majibu kulinitesa kuliko kemo. Kila kikohozi nilikisikiliza, nikihofia kansa imerudi.

Nanyi ndugu, acheni kutuita mashujaa kisha mkatoweka. Fitzhugh Mullan, daktari Mmarekani aliyeugua kansa mwenyewe, aliandika mwaka 1985 kwamba wagonjwa huopolewa wasizame, kisha wakaachwa gatini wakikohoa maji peke yao. Mnangoja nini? Pigeni simu hata miezi sita baadaye, si wiki ya kwanza tu.

Alhamisi nina kipimo cha mwaka. Dada yangu kaahidi kunisindikiza. Tutaona.