Askari wa Pichani Hana Mgongo

Shikamoo fundi. Nataka kuchonga sanamu ndogo za askari wapanda farasi kwa kufuata picha ya kale ya vita. Nianze na ipi?

Marahaba. Anza na "Scotland Forever!" ya Lady Butler, iliyochorwa mwaka 1881 na sasa ipo Leeds, Uingereza. Ni kikosi cha Royal Scots Greys kikishambulia huko Waterloo, Ubelgiji, kwenye vita dhidi ya Wafaransa wa Napoleon, tarehe 18 Juni 1815. Farasi wa kijivu wanakujia usoni, safu nzima, hadi unataka kupisha. Mama yule hakuwahi kuona vita, lakini mara mbili alikwenda kukitazama kikosi hicho kikifanya shambulio la mazoezi, akasimama mbele yao wakimjia. Picha inapata nguvu yake hapo, na hicho ndicho cha kuazima: shingo zilizonyooka, mpanda farasi aliyeinama mbele, upanga juu.

Vingine utavitafuta mwenyewe. Pichani farasi anaweza kuelea, ila wako lazima asimame. Wa kwanza niliyemchonga nilimsimamisha kwa kwato moja, akawa anaanguka kila lori lilipopita barabarani. Siku hizi napitisha waya mnene tumboni, naushusha hadi kwenye kitako, kisha naufunika kwa kishungi cha majani.

Halafu kuna mgongo. Mchoraji amekuonyesha vifua tu, lakini mtoto atakayemshika askari wako atamgeuza papo hapo. Mikanda inapita wapi? Nyuma ya tandiko kumefungwa nini? Hayo yatafute kwenye michoro ya sare na kwenye makoti yaliyohifadhiwa makumbusho. Usibuni.

Je, sare na rangi za pichani ni za kuaminika?

Nusu nusu. Hao Greys wa Lady Butler wamevaa kofia za manyoya ya dubu zikiwa wazi, ilhali wanahistoria wa sare wanaeleza kuwa siku ile zilifunikwa kwa kitambaa cha mafuta. Hata ile mbio ya kupaa ni ya mchoraji. Usiku wa kuamkia vita mvua ilinyesha sana, ardhi ikawa tope, na farasi walilazimika kupenya katikati ya askari wao wenyewe wa miguu.

Mfano mwingine ni vita vya Waingereza na Wazulu vya mwaka 1879. Ukiwapaka Waingereza kofia nyeupe zinazong'aa umekosea, maana wengi walizitia madoa makusudi kwa chai, kahawa au matope ili wasiwe shabaha rahisi. Mimi huanza na rangi ya maziwa, naiacha ikauke, kisha napitisha kahawia nyepesi sana kwa burashi iliyolowa maji. Inaingia kwenye mikunjo yenyewe.

Babu ameniachia askari wa zamani, wazito kidogo, ndani wana uwazi. Watoto wangu wanaweza kuwachezea?

Hapana. Waweke kabatini, na unawe mikono kila ukiwashika. Huenda ni wa madini ya risasi. Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kusubu askari wenye uwazi: risasi iliyoyeyushwa inamiminwa kwenye kalibu, ganda la nje likishaganda, iliyobaki ndani inamwagwa. Walitoka wepesi na wa bei nafuu kuliko wale wa Kijerumani waliojaa risasi tupu. Risasi ni sumu, na kwa mtoto ni mbaya zaidi. Usiwakwangue rangi wala kuwapiga msasa.

Kwa nini kwenye seti za askari wa kuchezea Mwafrika ni wa kukimbia na mkuki tu? Hakuna picha zetu?

Zipo, na swali lako nimelingoja muda mrefu. Tazama picha za Waethiopia za vita vya Adwa, vya tarehe 1 Machi 1896, walipowashinda Waitalia. Wachoraji wamezirudia kwa miaka mingi, na nyingi zina mpango unaofanana: Mfalme Menelik chini ya mwavuli, Malkia Taytu juu ya farasi, mizinga katikati, na juu angani Mtakatifu George na farasi wake mweupe. Waethiopia huchorwa uso mzima, macho mawili. Adui huchorwa upande, jicho moja. Ukiijua kanuni hiyo huhitaji kuuliza nani ni nani.

Picha hizi ni bapa, na hapo ndipo uzuri wake kwa fundi. Nuremberg, Ujerumani, tangu karne ya 18 walisubu askari bapa wa bati kwa kalibu za jiwe zilizochongwa pande mbili. Njia hiyo inaifaa Adwa kuliko kuilazimisha iwe sanamu nene za kutazamwa pande zote. Mwitalia wa jicho moja ni rahisi, unampindua tu. Mwethiopia mwenye uso mzima anakudai mgongo: nywele, joho la manyoya begani, mkanda wa risasi kiunoni. Ngao yake ya duara ya ngozi anayo mkononi, kwa hiyo nyuma chonga mkono ulioishika.

Mimi nimeanza na Taytu. Nimeharibu kalibu mbili kwa sababu ya miguu ya farasi wake, ya tatu inakauka.

Ukubwa gani unafaa kwa anayeanza?

Milimita 54. Uso unachongeka bila miwani ya fundi saa.