Ya tatu iache Dar

Mwanangu Ambakisye,

Marahaba. Sisi huku wazima, ila baridi ya Juni mwaka huu imeniandama, sitoki jikoni mpaka saa nne.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, nikalikwepa kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni. Ulisema: "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kuzipenda sinema za vita vya angani, Star Wars. Nimekuwekea zote kwenye flashi, na tamthilia zake, mbona umeishia njiani? Umezichoka, au zimeharibika?" Sijazichoka. Ila jibu lake ni refu, ndiyo maana naandika.

Kile kibanda changu cha video pale Mwanjelwa hukukijua, ulikuwa mgongoni. Ilikuwa mwaka 1992. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, ITV ilikuja 1994. Baba yako alitoka na deki na televisheni Tunduma, akasema nisiuze maandazi tena, niuze sinema. Niliuza vyote viwili. Mabenchi sita, turubai, jenereta nyuma ya ukuta, na kijana wa kutafsiri aliyesimama kando ya televisheni na maiki. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini mdomo alikuwa nao! Darth Vader, yule mbaya wa kofia nyeusi, alimwita Mzee Chuma. Yoda, yule mwalimu mzee mfupi, akawa Babu Masikio, na hata leo simwiti vingine.

Kanda ya kwanza kutufikia ilikuwa ya pili, ile ya mwaka 1980. Ya 1977 hatukuwa tumeiona. Kwa hiyo tuliingia katikati ya vita vya watu tusiowajua, kwenye nchi ya theluji, bila kuambiwa nani ni nani. Unadhani kuna aliyelalamika? Madereva wa malori walishajipatia ndugu tangu mwanzo: kile chombo cha rubani Han Solo kisichowaka. Alipoupiga ngumi ukuta taa zikawaka, benchi zima la mbele lilisimama kushangilia. Walizoea kuona kwenye sinema magari ya kizungu yasiyoharibika. Leo wameona chombo cha angani kilichochoka, chenye masizi na viraka, na fundi wake anatukana. Ulinisomea mwenyewe kwamba George Lucas, mtunzi wake, alitaka vyombo vyake vionekane vimetumika. Sisi hatukuhitaji kusomewa.

Mlio wa yale mapanga ya mwanga nao, kumbe waliutengeneza kwa kuchanganya mvumo wa injini ya projekta na mlio wa televisheni. Kwetu ulichanganyika na jenereta pia. Nilipokuja kuusikia peke yake kwenye spika zako, niliona kama umepungua kitu.

Basi, ikafika pale. Mzee Chuma amemkata mkono Luke, yule kijana shujaa, kijana ananing'inia juu ya shimo. Mzee Chuma akasema neno. Mtafsiri wetu akanyamaza. Hajawahi kunyamaza yule, hata kikohozi alikitafsiri. Watu wakamzomea, ndipo akasema taratibu: "Anasema yeye ndiye baba yake."

Ambakisye, kibanda kiligawanyika. Mama mmoja muuza ndizi akasema huyo ni mwongo, hakuna baba anayemkata mwanawe mkono. Mzee wa Uyole akamjibu kwamba ni baba tu ndiye anayeweza kumkata mtu mkono kisha akampungia aje. Sinema ikaisha hivyohivyo: kijana kafungwa mkono wa bandia, Han Solo kagandishwa kama samaki wa barafu, kachukuliwa. Wengine walidai warudishiwe kiingilio, wakasema nimeikata kanda.

Kanda ya tatu ilichukua zaidi ya mwaka kufika. Zaidi ya mwaka, mwanangu, Mwanjelwa nzima inabishana kama yule ni baba au si baba. Sokoni, kwenye daladala, hata kanisani watu walinivuta pembeni baada ya ibada kuniuliza kama nina habari. Kuna bwana mmoja wa karakana ya TAZARA alikuja mara nne, akilipa kiingilio kuangalia kipande kile tu, kisha anaondoka. Siku ya nne aliniambia ana mtoto wa kiume alimwacha Kapiri Mposhi, sasa atakuwa na miaka kumi na mingapi sijui. Nikampa chai. Hakurudi tena, nami sikujua alikokwenda.

Hiyo ndiyo sinema niliyoipenda. Nusu yake ilikuwa kwenye kanda, nusu tuliijaza wenyewe.

Hiyo ya tatu, ya 1983, ilipokuja, yule kiumbe wa mashavu anayeendesha chombo na Lando, rafiki wa Han Solo, akaanza kuongea. Dereva mmoja aliyezoea safari za Nairobi akaruka: "Huyo anaongea Kikikuyu!" Tulimcheka mpaka akatoka nje. Miaka ikapita, ukaja wewe na simu yako kunisomea kwamba sauti ile ilikuwa ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na Kikikuyu ni Kikikuyu kweli. Ningejua dereva yule alipo ningemwomba radhi.

Sasa hizi zako. Nilianza kukwama kwenye ile ya 1999, waliposema ile Nguvu ya ajabu ya mashujaa wao inapimwa kwenye damu, kama malaria. Babu Masikio alituambia ni kitu kinachotuzunguka na kutushikamanisha, na kila mtu pale kibandani alikuwa na neno lake la kukiita. Wakatuletea maabara. Lucas akaja kuiuza kampuni yake kwa Disney mwaka 2012, dola bilioni 4 na ushee, na tangu hapo kila aliyewahi kupita mbele ya kamera anasimuliwa maisha yake yote. Kuna sinema ya 2018 inayoeleza Han Solo alipataje jina la pili. Nani aliuliza?

Nisiwe mchoyo. Ile tamthilia ya Andor nimeimaliza, na nililia pale gerezani, wafungwa wanatengeneza vyuma bila kuambiwa ni vya nini. Nayo inaziba pengo la hadithi ya zamani, najua, kwa hiyo hoja yangu ina tundu. Labda tofauti ni kwamba ile iliongeza maswali.

Ila shida yenyewe si Disney peke yao. Mpwa wako alikaa nami tuangalie ya 1980, simu mkononi. Dakika ya kumi akaniambia, "Bibi, yule ni baba yake, mbona inajulikana." Hajaiona! Amekuta tu imo duniani, kwenye vichekesho vya simu, kwenye fulana. Nikamuuliza anaonaje basi, baba wa namna hiyo. Akanitazama kama nimeuliza rangi ya maji. Sikumlaumu. Jibu alilipata kabla ya swali.

Nimechunguza watoto wa jirani, wale watatu waliohamia kutoka Chunya. Nimewauliza kwa kuzungukazunguka, na wote hawajui. Mdogo anadhani Vader ni roboti.

Kwa hiyo Desemba ukija njoo na spika zako na ile ya 1980. Mkaka wao mkubwa nimeshamwambia simu zitakaa jikoni, maandazi nitakaanga. Ya tatu iache Dar, na wakikuuliza, wewe hujui kitu. Tutaona watafika Pasaka wakisema nini.

Mama yako.