Baruti ya mwaka 1864 bado ni baruti

SWALI: Naishi Petersburg, Virginia. Mume wangu alikuwa anachimba msingi wa banda, akatoa tufe la chuma lenye upana wa sentimita 20. Kwenye mzani limesoma kilo 19. Lina tundu moja tu, nalo limezibwa na kutu. Jirani yetu, mpenzi wa historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, anasema baruti yake imeshakufa kwa unyevu, tuliloweke kisha tulitoboe kwa kekee na kulisafisha. Tuloweke kwa muda gani?

JIBU: Hata mkiloweka mwezi mzima, dada, haitasaidia. Liacheni hapo hapo lilipo, tokeni nje na watoto, mpige 911 waje wa kutegua mabomu. Msilipakie kwenye gari kuwapelekea polisi. Watu hufanya hivyo kila mwaka, sijui nani aliwafundisha.

Tufe la upana huo lingekuwa chuma kitupu, lingekaribia kilo 30. Kwa kilo 19, ndani mna uwazi wa karibu lita moja na nusu, na ukuta wa chuma una unene wa sentimita 3 hivi. Hilo ni kombora la mzinga mfupi wa inchi 8, ule wa kurusha juu sana ili kombora lidondokee ndani ya handaki. Mji wenu ulizingirwa kuanzia Juni 1864 hadi Aprili 1865, na pande zote mbili zilikuwa na mizinga hiyo. Uwazi huo unatosha zaidi ya kilo moja ya baruti.

Sasa hilo la "imekufa kwa unyevu", ambalo nimechoka kulisikia. Baruti nyeusi ni shura (aina ya chumvi) asilimia 75, makaa 15 na salfa 10. Hakuna hata kimoja hapo kinachooza. Ikilowa haiwaki, kweli. Lakini shura iliyoyeyuka haina pa kwenda, na kombora likikauka inaganda tena kuwa chembe. Nguvu itapungua kwa sababu mchanganyiko umevurugika, ila cheche bado inaitosha.

Na mara nyingi hata kulowa hailowi. Tundu mnaloliona ni la utambi: kizibo cha mti kilichochongwa kama koni, katikati kikiwa na dawa ya kuungua polepole. Mpigaji alikikata kwa msumeno kulingana na sekunde za kuruka, akakipigilia, na moto wa mzinga wenyewe ukakiwasha kwa kupita kwenye mwanya kati ya kombora na ukuta wa mzinga. Likitumbukia topeni kabla moto haujafika ndani, utambi huzimika. Baadaye mti unavimba, kutu inaganda juu yake, na kombora linakuwa limefungwa kuliko chupa ya soda. Maji ya ndoo yenu yatapita wapi? Mtatoboa mkidhani ndani pameloa, ncha ya kekee itakuwa imepata moto, na pale inapopenya vipande vya chuma vya moto vitaangukia baruti kavu.

Wapo wanaofundisha kwenye video kuloweka kwenye dizeli, wengine kung'oa kutu kwa umeme wa betri, na niliona mmoja akikausha kombora kwenye oveni ya jikoni! Kwamba yeye yuko hai haithibitishi njia yake. Huenda lake lilishamwagwa baruti zamani. Kuna na makombora marefu ya mizinga ya Parrott (mizinga yenye mifereji ndani ya mtutu), ambayo baadhi hayana utambi wa kuungua kabisa: yana fataki ya kulipuka kwa kugonga, na hayo hata nyundo ya kubandua kutu ni hatari. Februari 2008, huko huko Virginia, mkusanyaji aliyeshughulika na makombora haya miaka mingi aliuawa uani kwake akisafisha moja la jeshi la majini. Kipande cha chuma kilitua kwenye baraza ya nyumba iliyo karibu robo maili.

Kama mnataka kulihifadhi, waambieni kikosi mapema, kwa kuwa kawaida yao ni kulilipua. Njia ya kulipokonya baruti ipo: linapigwa eksirei kwanza, kisha linatobolewa na mashine inayoendeshwa kwa mbali, nyuma ya magunia ya mchanga, maji yakimwagika juu ya ncha muda wote, na ndani linasuuzwa hadi maji yatoke meupe. Gereji yenu haina hata kimoja cha hivyo.